Nani Anakaa Nyuma ya Mashine? Safari ya DJ Rachael na Sherehe Zetu za Wanawake



Mabibi harusi wanaokuja dukani kwetu kupima gauni la siku ya hina wana maswali matatu. La kwanza ni kitambaa. La pili ni bei. La tatu ndilo lililotufanya tuandike makala hii: "Dada, mnamjua DJ mwanamke?"

Swali hilo si la anasa. Gauni la hina linashonwa livaliwe ndani, mbele ya wanawake. Mikono iko wazi, nywele zimesukwa au zimetengenezwa, hina na piko vimepanda mpaka kwenye viwiko. Sasa kama anayepiga muziki ni mwanamume, na msaidizi wake wa kubeba spika ni mwanamume, gauni lote linafunikwa na mtandio. Mwenye sherehe anakaa kwenye kiti chake kama mgeni. Mashangazi wanaojisitiri wanaaga mapema. Wanaobaki wanacheza wakiwa wamejifunga baibui, jasho linawatoka. Pesa ya ukumbi imelipwa, chakula kimepikwa, lakini ile raha ya wanawake kuwa peke yao haipo.

Tumejiuliza: ilikuwaje mpaka chumba cha wanawake kikawa hakina mwanamke wa kupiga ngoma? Na je, yupo mwanamke wa ukanda wetu aliyeifanya kazi hii mpaka ikawa maisha yake? Yupo. Tutafika kwake, ila kwanza turudi nyuma kidogo.

Ngoma ilikuwa mikononi mwetu

Ujiji ni mji wa zamani. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kujenga na kuoa hapa. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, Ujiji ilikuwa tayari soko la pembe, chumvi, samaki, na kwa masikitiko makubwa, la watu pia. Wamanyema wengi walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, wengine kwa hiari na wengine wakiwa watumwa, na vizazi vyao ndio sisi wengi wa Ujiji ya leo. Kiswahili, kanzu, kanga na Maulidi vilikuja kwa njia ileile ya msafara iliyotuunganisha na Bagamoyo na Unguja. Ndiyo maana dada wa Zanzibar akija harusini Ujiji hajisikii mgeni.

Katika miji yote hii ya Waswahili, ngoma ya harusi ilikuwa na pande mbili. Wanaume walikuwa na zao, kama beni, ile ngoma ya gwaride na sare iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ikasambaa bara kwa askari na kwa reli. Wanawake walikuwa na zao. Lelemama ndiyo iliyovuma zaidi pwani. Kule Mombasa vikundi vya lelemama vilikuwa na vyeo, sare na ushindani mkali, lakini pia vilikuwa chama cha kusaidiana: mwenzenu akiozesha au akifiwa, mnachanga na mnakwenda. Sisi washonaji tunapenda kukumbusha kwamba sare za harusi hazikuanza jana.

Katika ngoma hizo mwanamke hakuwa mchezaji tu. Alikuwa mtungaji, mwimbishaji, mpigaji na kiongozi. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu huko wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga. Mwanamke anayeweza kuongoza ngoma anaweza kuongoza watu.

Tumtaje pia Siti binti Saad, mwana wa Fumba, Unguja, aliyeanza kwa kuuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ni miongoni mwa sauti za kwanza kabisa za wanawake wa Afrika Mashariki kuingia kwenye sahani ya muziki. Santuri zile zikauzwa pwani nzima.

Mashine ilipoingia, mkono ukabadilika

Hapa ndipo mambo yalipogeuka, na ajabu yake ni kwamba yaligeuka polepole bila mtu kuamua.

Ngoma ya mkono inahitaji wanawake kadhaa. Santuri inahitaji sanduku moja na mtu mmoja. Baadaye ikaja kaseti, ikaja spika kubwa, ikaja kompyuta. Kila chombo kipya kilikuwa na bei, na kilihitaji umeme. Kigoma kwa miaka mingi umeme wetu ulikuwa wa majenereta, na mwenye kujua jenereta, nyaya na fyuzi alikuwa kijana wa kiume. Basi mwenye kuleta spika akawa ndiye mwenye kuchagua nyimbo, na mwenye kuchagua nyimbo akawa ndiye mwenye kuiendesha sherehe. Bibi aliyekuwa akiimbisha akabaki kupiga vigelegele.

Tazameni hata sifa za muziki wa mkoa wetu. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika katika wimbo mmoja, Leka Dutigite, wakiwemo Diamond, Linex na dada yetu Mwasiti. Tulijivuna sote. Lakini mwanamke tunamjua kwenye kipaza sauti. Kwenye mashine hatumjui.

Na kuna mahali ambapo jambo hili halikuachwa lijiendee lenyewe, likaandikwa kuwa amri. Kwa jirani zetu, Burundi, ngoma za kifalme ziliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2017 ikatoka amri ya rais iliyokataza wanawake kuzipiga ngoma zile. Wao wabaki na michezo yao ya kike. Walikuwapo mabinti wa Burundi waliokuwa wamejifunza kuzipiga. Kigoma hadi Bujumbura ni mwendo wa siku moja kwa basi, na vitenge tunavyoshona vinapita njia hiyo. Habari ile ilitufikia na ikatufikirisha: jambo la nani ashike ngoma si dogo kama linavyoonekana.

Binti wa Kampala

Sasa tumzungumze Rachael Kungu, anayejulikana kama DJ Rachael.

Alianza akiwa binti mdogo, akirap jukwaani, kabla hajagusa mashine. Katikati ya miaka ya 1990 akaanza kupiga muziki Club Silk, Kampala. Anatajwa kuwa DJ wa kwanza mwanamke katika Afrika Mashariki. Fikirini maana yake: wakati ule hapakuwa na video za kujifunzia kwenye simu. Muziki ulikuwa kwenye sahani na CD, mtu alibeba masanduku. Mashine ilikuwa ya ukumbi, si ya kununua mtu binafsi. Kujifunza kulikuwa kusimama karibu na anayejua na kutazama mikono yake, na wote waliojua walikuwa wanaume.

Wengi wanaoanza kazi za burudani huvuma miaka miwili mitatu wakapotea. Yeye alikaa. Kutoka kupiga nyimbo za wengine akaingia kutengeneza muziki wake mwenyewe, na akafungua studio yake, Scraych Rekords. Muziki wake hasa ni hausi na ule wa kompyuta wenye midundo ya Kiafrika. Amepanda majukwaa makubwa ya ukanda huu, likiwemo tamasha la Nyege Nyege la Uganda.

Lakini kilichotufanya tumchague yeye ni alichokifanya mwaka 2016. Alikuwa na miaka kama 20 kwenye kazi, na angeweza kutulia akala jina lake. Badala yake akaanzisha Femme Electronic, jukwaa la kuwafundisha wanawake kazi ya DJ na utengenezaji wa muziki kwa kompyuta, na kuwapa mahali pa kuonyesha walichojifunza. Mtu aliyejifunza bila kuonyeshwa njia na mwanamke mwenzake akaamua wenzake wasipite alimopita.

Leo wako wengi. Kenya yuko Coco Em. Uganda yuko Kampire, ambaye mwaka 2024 alitoa mkusanyiko wa nyimbo alizozisikia utotoni Ndola, Zambia, zikiwemo za waimbaji wanawake waliokuwa wamesahaulika. Nyimbo za Kongo za namna hiyo nasi kandokando ya ziwa tumekua nazo, maana ziwa letu linagusa nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na muziki haujawahi kusubiri pasipoti.

Kazi yenyewe ikoje

Dada wengi wanadhani DJ anabonyeza tu. Tuieleze kama tunavyoielewa sisi wa cherehani.

Ukiunga vipande viwili vya kitenge, fundi mzembe anaunga tu, na ua linakatika katikati ya mgongo. Fundi mzuri analinganisha ua la huku na la kule mpaka mshono usionekane. DJ anafanya vivyo hivyo kwa wimbo. Ana nyimbo mbili, mmoja unasikika ukumbini, wa pili anausikia yeye peke yake kwenye hedifoni. Anapunguza au kuongeza kasi ya ule wa pili mpaka midundo yake ikae sawa na ya kwanza, halafu anaufungua taratibu huku akiufunga wa kwanza. Ikifanywa vizuri, wachezaji hawajui wimbo umebadilika lini. Ikifanywa vibaya, miguu inajikwaa na watu wanakwenda kukaa.

Kasi inapimwa kwa midundo ya dakika moja. Hausi iko kama 120 hadi 128. Singeli ya Dar es Salaam inapita 200, ndiyo maana bibi zetu wanasema inawatia kizunguzungu. Katikati yake kuna muziki wa Uingereza unaoitwa dramu na besi, ulio karibu na 170. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni fujo. Lakini usikilize vizuri: ngoma zinakimbia juu, na chini besi inatembea polepole kama nusu ya mwendo, na katikati pamebaki nafasi ya mwanamke kuimba kwa utulivu na hisia. Ni kama daku la harusi: vijana wanakimbizana jikoni, na mama mkubwa amekaa katikati hana haraka.

Muziki huo nao una wanawake wake. London, mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuwapo marafiki wawili, Kemi Olusanya, mwenye asili ya Nigeria, na Jayne Conneely. Kemi alikuwa mpambaji wa nyuso, kazi mnayoijua mabibi harusi. Jayne alikuwa mpiga picha za eksirei. Walinunua mashine, wakajifunzia nyumbani, wakajiita Kemistry na Storm. Wao ndio waliomwingiza Goldie katika muziki huu, na mwaka 1994 wakawa miongoni mwa watatu walioanzisha kampuni ya Metalheadz, jina kubwa mpaka leo katika muziki huo. Mwanzoni mwa 1999 walitoa mkusanyiko wao katika mfululizo wa DJ-Kicks. Tarehe 25 Aprili mwaka huohuo, wakirudi usiku kutoka kazini, kipande cha chuma kilichong'oka barabarani kiliruka na kupasua kioo cha gari, na Kemi akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 35. Jayne aliendelea na kazi akiwa peke yake.

Tumeleta habari hiyo kwa sababu moja. Hata London, kwenye mashine na pesa, wanawake walipata nafasi walipojifunza wawili wawili, mmoja akimshika mwenzake mkono. Kampala ilikuwa hivyohivyo ilipoanza kufundisha. Haikutokea kokote kwamba mwanamke alikaribishwa tu.

Ya kuchukua na ya kuacha

Tunajua baadhi yenu mnasoma na kukunja uso. Klabu za usiku, pombe, mchanganyiko wa wanaume na wanawake, hayo si yetu, na hatuandiki kumpeleka binti wa mtu huko. Tunachukua ufundi, tunaacha mahali. Fundi wa kushona suruali za kiume anaweza kutufundisha kukata, na sisi tukakata abaya.

Na harusi si kesha la kunung'unika. Imepokewa katika Bukhari kwamba Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoolewa, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam aliingia kwake na kukuta wasichana wanapiga dufu na kuimba. Mmoja alipochomeka maneno ya kudai kwamba Mtume anajua ya kesho, alimwambia ayaache hayo na aendelee na yale aliyokuwa akiimba mwanzo. Tazama mafunzo mawili hapo. Dufu lilikuwa mikononi mwa mabinti. Na kilichosahihishwa kilikuwa maneno, si furaha.

Kuhusu ala nyingine na muziki wa spika, wanazuoni wanatofautiana, na kila mmoja amuulize shekhe wake au ustadhati wake. Zipo familia za Ujiji zinazotaka dufu na kaswida tu, na zipo zinazotaka taarabu. Lakini katika familia zote mbili swali linabaki lilelile: ndani ya chumba cha wanawake, nani anayesimamia sauti? Hata kaswida ya kwenye kompyuta ina mtu wa kuiwasha.

Visiwani mmekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe, na mabinti wengi wamejifunza ala humo. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake watupu. Kabla ya hapo mwanamke wa taarabu kwa kawaida alikuwa mwimbaji, na nyuma yake wamekaa wanaume na vinanda vyao. Tausi wakakaa wenyewe kwenye fidla, ganuni na ngoma. Sherehe ya wanawake ikaweza kuwa ya wanawake kutoka mlangoni hadi jukwaani.

Kwetu Kigoma na Ujiji

Huku ziwani tunao wanawake wapishi wa harusi, wapambaji, wapaka hina, wakodishaji wa viti na sisi washonaji. Mpiga picha mwanamke ameanza kupatikana. Kiti cha nyuma ya mashine ndicho bado kitupu, na kila kiti kitupu ni riziki ya mtu.

Kwa hiyo tunasema haya kwa mabibi harusi na mama zao. Mnapopanga bajeti, ulizeni DJ mwanamke kabla ya kuuliza rangi ya mapambo, maana anayeulizwa mara kumi mjini atatokea hata kama leo hayupo. Akitokea binti anayeanza, mpeni kwanza sherehe ndogo, singo au kichen pati ya nyumbani, ajizoeze. Mlipeni kwa makubaliano ya maandishi kama mnavyowalipa wanaume, msimwambie "mwanangu tusaidie tu". Mpeni orodha ya nyimbo mapema, na maneno yasiyofaa yaondolewe kabla, si wimbo uzimwe katikati. Simu za wageni zikae kwenye kikapu mlangoni. Muziki unyamaze adhana ikisikika.

Na kwa mabinti wenye kompyuta ambao mnajua kutumia programu za kuhariri video za TikTok: mmekwisha kufika nusu ya njia. Mixa ndogo ya kuanzia haizidi sana bei ya cherehani nzuri ya umeme, na cherehani zimesomesha watoto wengi mji huu. Tafuteni mwenzenu mmoja mjifunze wawili, kama Kemi na Jayne. Mkishajua, mfundisheni wa tatu, kama Rachael.

Bibi zetu wa Ujiji hawakuwahi kuajiri mtu wa kuwafurahisha. Waliketi, wakaweka ngoma magotini, wakapiga. Ngoma imebadilika umbo, imekuwa na waya na taa. Magoti ya kuiweka bado tunayo.

Allah awabariki mabibi harusi wote wa msimu huu, azijaalie ndoa zenu utulivu na huruma. Aamin.